Jino la Msichana wa Miaka Kumi na Sita

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya vyeti vya kuzaliwa hapa Kyela. Mbele yangu walisimama mwalimu wa jimnastiki, mama mmoja kutoka Ikolo, na bintiye mwembamba ambaye muda wote alisukuma shavu kwa ulimi.

"Timu ya wakubwa inataka miaka kumi na sita," mwalimu alimweleza karani. "Akipata cheti leo, anasafiri."

"Kadi ya kliniki iko wapi?"

"Ilienda na mafuriko," mama alijibu, macho kwenye kandambili zake.

"Basi tafuteni shahidi."

Mwalimu akanigeukia. "Mzee, tusaidie saini." Mama akasema, "Ndaga, baba," akinishukuru kabla sijakubali. Nikachukua kalamu.

"Binti, una miaka mingapi?" karani akauliza.

"Kumi na sita!" alijibu upesi, kama aliyekaririshwa. Halafu akaziba mdomo. Alipofungua kiganja, ndani mlikuwa na jino la utoto lenye damu kidogo.

"Aliangukia boriti ya jimnastiki mazoezini," mwalimu akasema.

"Hapana, mwalimu, lilikuwa linatikisika lenyewe." Akamtazama mama yake. "Nikalirushe juu ya bati?"

Mama akaninong'oneza, "Baba, saini tu. Nafasi hii hairudi."

"Na akivunjika huko?" nikauliza.

Nikairudisha kalamu.

Msinisifu. Jino lingechelewa dakika moja tu, ningekuwa nimeshasaini, ili foleni isogee.