Chewa Niliyemgombania Sur

Nina hasira mpaka leo, na kosa ni langu. Ukoo mzima wa mume wangu tulitoka Nizwa kwenda pwani ya Sur kuvua chewa. Botini wanaume upande wao, sisi wanawake upande wetu, pazia katikati.

"Wewe utavua ndara tu," mume wangu akanicheka. Nikaapa kumwonyesha.

Mara mshipi wangu ukavutwa chini ya boti. Nikavuta, ukavutwa tena. Wallahi, kuna mtu upande wa wanaume ananiibia chewa wangu!

"Achia, mwizi usiye haya!"

Akazidi kuvuta.

Nahodha akafunua pazia, akaivuta mishipi juu. Ndoana mbili zimeshikana, samaki hakuna, na upande wa pili yupo baba mkwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mwizi ndiye mimi."