Vigelegele vya Krismasi

Jamani wenzangu wa Tanga, leo nimepiga vigelegele kwenye msiba.

Ni Krismasi yangu ya kwanza hapa Homa Bay, tangu nivuke mpaka kuja kufundisha Kenya hii ya Uhuru wa juzi.
Nimepika pilau, nikaalika majirani.
Saa saba mchana, hakuna mtu.

Mara nikasikia sauti kali za wanawake kutoka kwa jirani yangu, Adhiambo.
Nikajua ndio wageni wangu, wanakuja kwa shangwe kama kwetu.
Nikasimama mlangoni nikawajibu kwa vigelegele, tena virefu.

Kumbe mtoto wake mchanga alikuwa amekata roho.

Jioni nimempelekea pilau yote.
Akaniangalia, akasema polepole, "Mwalimu, nilikusikia."


Mimi nimeweka sufuria chini, nikakaa naye.