Mlango wa Mwalimu wa Kiingereza

Mwalimu wa kozi ya Kiingereza pale Tabata, chumba cha nyuma ya duka la vipodozi, hufundisha kwa kidole cha shahada. Kikisimama juu, ni "must", lazima. Kikitikiswa mbele ya pua yako, ni "must not", marufuku. Ruhusa kaibandika mlangoni kwa karatasi: asiyesema "May I come in?" anabaki nje akikaangwa na jua. Demetria, msusi anayesoma kozi hiyo, keshakaangwa sana hapo pamoja na wababa wenye vipara, huku bwana mkubwa ndani akikung'uta chaki kwenye mikono ya shati na kuongea puani kama mzungu mwenye mafua.

Jumamosi moja mlangoni pakaitwa, "Hodi! Hodi humu!" Alikuwa mama mzee wa khanga mbili, miguu ina vumbi la safari, kabeba kikapu cha ndizi. Mwalimu akageuka, akamwona, kisha akaurudia ubao wake. Kidole tu ndicho kilichonyooshwa nyuma, kuielekea ile karatasi.

"Baba, ni mimi, mama yako," mzee akasema.

Chaki ikaendelea kuandika. Demetria akainuka bila kuomba ruhusa ya mtu, akampokea kikapu. "Karibu ndani, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Mama aliutazama ule mgongo wa mwalimu kwa muda, asivuke kizingiti. "Mnisamehe jamani. Nilielekezwa hapa ndipo kwa mwanangu, kumbe nimepotea."