Unga Usiokanyagwa

Katika ofisi ya safari walimwita Dada Tiketi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akila chakula cha mchana bila simu ya mteja sikioni. Alikuwa mwanamke wa makamo, hajaolewa, na mzigo wa nyumba ulikuwa wake: mama yake mzazi, na mdogo wake wa mwisho, ambaye zamani alipaka magari rangi, kisha akawa mtumwa wa unga. Nasema unga ule usiopikwa. Sasa kijana alikuwa kwenye matibabu. Kila asubuhi alikwenda kliniki ya mtaani, akapanga foleni kwenye dirisha la dawa, akameza kikombe chake mbele ya muuguzi, akarudi nyumbani akiwa mtu. Akikosa asubuhi moja, tamaa ya zamani humwamkia kabla ya jirani.

Ndiyo maana nyumbani kwao neno unga lilikuwa limefukuzwa. Mama akitaka kupika husema ngano, au mahindi yaliyosagwa, na wageni walidhani ni madaha ya uzeeni. Mgeni aliyeponyokwa na neno hilo mbele ya kijana aliombwa kwa jicho anyamaze.

Kisha akaja daktari wa meno. Yeye na wenzake kadhaa walitaka kwenda likizo ng'ambo, kuteleza juu ya theluji, wengine kwa vibao viwili virefu, wengine kwa ubao mmoja mpana. Hawakutaka theluji iliyosawazishwa na mashine kwa ajili ya wanaojifunza. Walitaka ile mpya, laini, inayofika magotini, huko juu mlimani ambako mtu mwenye akili haendi bila kiongozi. Dada Tiketi theluji aliyoijua ni ile ya kukwangua kwenye friji kwa kijiko, lakini kazi ni kazi.

Aliandika kwenye mipango yake "theluji laini". Daktari akacheka. Alisema alipokuwa masomoni ng'ambo wenyeji wa huko waliiita kwa jina moja tu, unga, na kwamba iliyokanyagwa na kila mtu yeye haitaki. Ofisi nzima ikalidaka neno. Ikawa safari ya unga, wateja wa unga, na yeye mwenyewe mama wa unga. Dada Tiketi alinuna siku za mwanzo, kisha akachoka kununa. Hapo ndipo mtu huteleza bila ubao: si anapopenda jambo baya, bali anapochoka kulikataa.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Ilibidi kumpata kiongozi anayejua miteremko, kupima viatu kwa simu, kutafuta bima itakayogharimia kufukuliwa kwa mtu theluji ikiporomoka, na kuhakikisha kila mmoja atafungwa kifuani kifaa cha kupiga ishara akifukiwa. Mmoja wa wasafiri, mhasibu, alijaza kwenye fomu kuwa ni mzoefu. Alipobanwa, ikabainika uzoefu wake wote ni wa kwenye video.

Jumapili moja Dada Tiketi alipigiwa simu na daktari akiwa nyumbani. Aliingia chumbani, akaurudisha mlango bila kuufunga. Mama yake alikuwa akipita ukumbini na nguo alizoanua, akasikia hivi:

"Daktari, mwezi huo unga utakuwa mwingi. Safi, haujaguswa na mtu. Mwenyeji wenu atawapokea uwanja wa ndege, yeye ndiye anayejua pa kupita. Msijaribu bila yeye. Unga huo umeshaua watu wazima."

Mama angeweza kusukuma mlango na kuuliza. Hakuuliza. Aliwahi kumuuliza mwanawe wa kiume, akadanganywa kwa maneno matamu mpaka vyombo vya ndani vikaisha, na tangu siku hiyo hakuamini tena maswali. Badala yake alikwenda kwa jirani mshonaji, mwanamke ambaye afadhali apoteze sindano kuliko habari. Mama alijaribu kumtetea bintiye, huenda ni unga wa kupikia. Mshonaji akamjibu taratibu, huku akikata uzi kwa meno:

"Mama, unga wa jikoni haupandi ndege."

Kesho yake, Dada Tiketi alipokwisha kwenda kazini, mama alifunga nguo zake na za mwanawe. Alimwambia kijana asiende kliniki, wanahamia kwa mama yake mdogo, mbali na nyumba hii. Na kwa kuwa kijana aliuliza sababu, akamwambia yote, kwamba dada yake anauza kitu kile na amemsikia kwa masikio yake. Halafu, kwa uchungu wa uzazi, akampigia binti yake simu kumuaga. Alimwambia hawawezi kuishi na muuza unga, chumba wamekiacha safi, na asiwatafute.

Dada Tiketi alimwacha daktari kwenye kiti na pasipoti zake, akakimbia. Aliwakuta mama na mshonaji nje ya geti, wamesimama kando ya mabegi. Kijana alikuwa amebaki ndani kufunga madirisha.

"Mama, unga gani?"

"Wewe ndiye unayeujua."

"Ni theluji, mama. Ni barafu inayoanguka kutoka juu. Watu wanakwenda kuteleza juu yake."

"Leo imekuwa barafu," mshonaji akasema. "Kesho itakuwa maziwa."

Binti alitoa simu, akamwonyesha mama picha: mtu amezama kiunoni kwenye weupe, vibao miguuni, vumbi jeupe nyuma yake. Mama aliitazama kwa muda mrefu.

"Huyu anakimbia nini?"

"Hakimbii. Anastarehe."

"Na analipa, astarehe hivi?"

"Analipa, mama. Na akifukiwa, bima inamfukua."

Mama akaanza kuamini, maana upuuzi mkubwa namna hiyo haubuniki. Mshonaji alikumbuka ghafla kuwa ana mteja anamsubiri. Binti akabeba mabegi, mama akamfuata ndani akiwa mwepesi kuliko alivyotoka.

Kijana hakuwa kwenye madirisha. Alikuwa chumbani kwa dada yake, amepiga magoti sakafuni. Godoro lilikuwa limechanwa, droo zimemwagwa, bitana ya sanduku imeng'olewa. Kopo la poda lilikuwa wazi mbele yake, na midomo yake ilikuwa myeupe. Alikuwa ameonja.

"Uko wapi, dada?"

"Haupo. Haujawahi kuwepo. Ni maneno tu ya kazini."

Alicheka kidogo, akajifuta mdomo kwa mkono. "Mngeniambia mapema. Mimi nimeshauamini."

"Si uliniambia umeacha?" mama akauliza.

"Mimi nimeacha, mama. Wenyewe ndio haujaniacha."

Mama alishika ukingo wa mlango. Ndani ya saa moja alikuwa amerudishiwa binti na kunyang'anywa mwana, na mkono uliofanya yote mawili ulikuwa wake. Ndipo akakumbuka dirisha la dawa, ambalo hufungwa kabla ya adhuhuri. Walimwinua kijana kila mmoja upande wake, wakatoka karibu mbio, poda ingali midomoni mwake.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Mlinzi alisema muuguzi ameondoka na funguo, waje kesho mapema.

"Ni mimi niliyemzuia," mama alimwambia. "Yeye hana kosa. Mwambie muuguzi hivyo."

"Mama, mimi nafungua geti tu."

Wakakaa kwenye benchi la nje, kijana katikati. Jasho lilimtoka ingawa kulikuwa na kivuli. Akasema anakwenda kunywa maji mara moja tu, anarudi. Akasema ana rafiki hapo kona. Simu ya Dada Tiketi iliita, ni daktari, na hakuipokea; ukaingia ujumbe wake akitaka kujua kama unga una uhakika. Mama alishika mkono mmoja wa shati, binti akashika wa pili, na kila kijana alipotaka kuinuka walimvuta chini kwa pamoja, bila kutazamana.