Wito wa Tatu

Nilipokuwa mtoto, kwetu mtaa wa Gerezani, kelele hazikunitisha hata kidogo. Mafundi waligonga mabati kutwa nzima nami nikalala usingizi wangu wa mchana. Nilichoogopa ni kuitwa na mtu nisiyemwona. Woga huo alinitia bibi, mama yake mama, aliyetulea mimi na mdogo wangu Mwanaidi. Jini, alisema, hukuita mara mbili tu. Binadamu ndiye anayefika ya tatu.

Nilikuwa na miaka tisa, Mwanaidi sita, mjomba Kondo alipotuita likizo kwake Morogoro. Siku ya safari bibi alinishika bega.

"Huko milimani maji yana wenyewe. Ukiitwa na humwoni anayekuita..."

"Nafunga mdomo, nangoja mara ya tatu."

"Na mdogo wako anajua?"

Mwanaidi akaitikia kwa kichwa. Alijua kuliko mimi.

Siku ya tatu mjomba alitupeleka mlimani, tufuate mto mpaka kwenye maporomoko, turudi kabla ya jioni. Njia ilipita msituni kando ya maji, na ukimya ulikuwa mwingi hata nikadhani masikio yameziba. Mjomba alitangulia na panga lake. "Zuhura, mwangalie mdogo wako," aliniambia, nami nikasema sawa. Mwanaidi alikuwa nyuma akiokota mbegu nyekundu, akizitia mfukoni, akibaki, akikimbia kutufikia. Asubuhi yote ilikwenda hivyo.

Tulipopinda kona moja, sauti ikapanda kutoka chini mtoni. "Dada Zuhura!"

Nikageuka. Majani matupu. Ikaita tena, "Dada Zuhura!" Ilikuwa sauti ya Mwanaidi kabisa, na hapo ndipo nilipozidi kuwa na hakika, maana jini huiga. Nikabana midomo, nikangoja. Ya tatu haikuja. Nikamfuata mjomba, aliyekuwa ametuacha mbali, huku nikijisifu moyoni kwamba nimemshinda jini.

Kwenye maporomoko mjomba aligeuka akauliza, "Mwenzio yuko wapi?"

Nikanyoosha kidole kule tulikotoka. Alishuka mbio nami nikimfuata nalia. Tulimkuta chini ya ile kona, amekaa juu ya jiwe, mguu mmoja umebanwa kati ya mawe na maji yanapita juu ya goti. Hakuwa akilia. Mjomba akautoa mguu taratibu. Kifundo kilikuwa kimevimba.

"Mbona hukuita mara ya tatu?" nikamuuliza, mjinga mimi.

"Nilikuita, ukageuka, ukanyamaza," alisema. "Nikajua si wewe. Dada yangu angeitika. Nikaogopa kuita tena."

Mjomba alimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

Tuliporudi Gerezani nilimsimulia bibi huku akimkanda Mwanaidi kwa mafuta ya nazi. Nilitaka akiri kwamba kosa ni lake. Mikono yake ikasimama kidogo.

"Nilikwambia ungoje," alisema. "Sikukwambia uondoke."

Miaka mingi nilimwona bibi mkaidi kwa jibu lile. Sasa naona alikuwa na haki, ingawa alinitisha bure. Woga wangu Mungu ameshanisamehe, nadhani. Ila kule kujisifu, nikipanda mlima huku damu yangu imekaa majini, bado kunaniuma.

Leo ninauza vitenge Kariakoo, mahali ambapo kila mtu anamwita kila mtu. Likiitwa jina linalokaribiana na langu, mimi "Abee!" kabla sijatazama. Jirani yangu wa duka hunicheka. "Shoga, wewe siku moja utaitikia jini." Namwambia akija atanunua kitenge.

Mwanaidi ni mama wa watoto wawili sasa. Akinipigia simu hasalimii kwanza. Huanza, "Dada Zuhura! Dada Zuhura! Dada Zuhura!" halafu ndipo anacheka. Mimi huwa nimeshaitika kwenye ya kwanza, lakini namwacha amalize.