Vidole vya Carine

Mimi si mwoga, mnisikie vizuri. Nimezaa watoto watano hapa Kamina na nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini. Lakini ile mashine ya marehemu bwana yangu Philémon naiogopa kama nyoka.

Ni mashine ya zamani ya kuchapisha. Herufi zake ni za risasi, unazipanga moja moja. Ukikanyaga pedali, inafungua kinywa na kufunga. Mkono wa kuume unaingiza karatasi, wa kushoto unatoa. Siku moja mkubwa mmoja aliingia akamsalimu Philémon kwa nyuma. Bwana yangu, mtu wa heshima, akageuka kuitikia. Vidole viwili vikabaki ndani.

Tangu hapo hakumwitikia tena mtu akiwa kazini. Watu wakasema ana kiburi. Na kwa Carine, kitinda mimba wetu, alisema: "Mashine ikitembea, usiitikie mtu, hata mama yako." Ee, tuligombana! Mimi nilikuwa namfundisha mtoto yuleyule kwamba mkubwa akisalimu unapiga magoti, unapiga makofi, unaitikia papo hapo. Akichelewa, nilimzaba kibao.

Leo Carine ni infographe kule Lubumbashi, anachora kwa ordinateri, ile kompyuta. Si amerudi na habari kwamba wateja wanataka mialiko ya ndoa yenye herufi zilizobonyezwa, ukipitisha kidole unazisikia!

"Mama, hii njo mode ya sasa, kila mutu anaitaka."

"Mode? Mode itakula mukono yako!"

Akacheka, akaipaka mashine mafuta.

Kila alipochapisha nilikaa mlangoni nikichambua majani ya sombe, nikiwafukuza wageni. Jumamosi asubuhi Mzee Ézéchias, jirani yetu, akapitia mlango wa uani. Nilimwona akiwa ameshasimama nyuma ya Carine.

"Wakomapo!" alisalimu kwa Kiluba.

Nilitaka kupiga kelele, lakini kelele yangu nayo ingemgeuza mtoto. Nikauma kitenge. Ee Mungu wangu, mkono wa mwanangu nimeukata mwenyewe, kwa vibao vyangu.

Carine hakugeuka. Mkono ukaingia, ukatoka.

"Wakomapo!" mzee akarudia, sauti imepanda.

Karatasi nyingine ikaingia, ikatoka. Ndipo akaondoa mguu kwenye pedali, akangoja gurudumu lisimame kabisa, akageuka na kupiga magoti.

Mzee alikuwa ameshanifikia mlangoni, amevimba kwa hasira.

"Mama Carine, mutoto yako hana heshima hata kidogo."

"Ndiyo, baba," nilimwitikia, nikipiga makofi. "Baba yake njo alimufundisha."

Alipoondoka niliingia nikaushika mkono wa Carine, na sikuuachia mpaka aliponiambia namuumiza.