Nilivyofukuzwa foleni ya wanawake na ya wanaume siku naenda kuonwa na mama mkwe Nyabusozi

Wakuu, habari za jioni. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Mume wangu amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari ninaouandika, na amesema nikiongeza chumvi ananifinya. Kwa hiyo mjue mnapata ukweli mtupu.

Jana niliingia duka moja la dawa. Kijana wa pale akanipokea kwa adabu zote: shikamoo mzee, karibu baba.

Mimi nina wajukuu wanaoniita bibi.

Nikaitikia marahaba, nikachukua dawa zangu, nikatoka nje nikacheka mpaka nikashika nguzo. Zamani ningelia. Ndipo nikakumbuka safari yangu ya Biharamulo miaka ile ya wakimbizi, nikasema hii leo naiandika.

Niwape picha kwanza. Naitwa Stazia, mzaliwa wa Keza kule Ngara. Ni mrefu, mabega mapana, kifua bapa kama mlango, sauti nzito ya kuongozea besi kwaya. Na kidevuni nina vinyweleo. Si ndevu za kusema ndevu, lakini jua likipiga vinaonekana.

Nimezaliwa hivyo, nina kila kitu cha mwanamke, na watoto nimezaa. Nasema mapema maana nawajua humu, mtaanza maswali.

Utotoni siku ya komunyo ya kwanza katekista alinishika sikio akanihamishia upande wa wavulana, nikiwa na shela kichwani. Gulioni Kibimba wakiniona wanaitana waje waone jikedume. Kuna mama mmoja alikuwa hataki kuniuzia ndizi mpaka nimwambie mimi ni nani hasa. Unacheka na watu ukiwa nao, ukifika nyumbani chakula hakishuki. Iliniuma, nisiwadanganye.

Sasa wakimbizi wakavuka mpaka wakaja. Waliokuwepo mnakumbuka, kilima kizima asubuhi kimekuwa cheupe kwa maturubai. Kazi za vibarua zikawa nyingi. Wanawake walikuwa wanapepeta na kuchambua maharage, wanaume wanashusha magunia kwenye malori.

Nikaenda kuomba kibarua. Msimamizi hakuuliza jina wala nini. Aliniangalia mabega, akanyoosha kidole: wewe, kule kwenye magunia.

Nikaenda. Wakuu, nilishusha magunia yale vizuri sana. Kama umbo limenitesa miaka yote, acha nalo lifanye kazi.

Pale ndipo nilipokutana na Sospeter. Yeye alikuwa utingo wa lori, Msubi wa Nyabusozi, Biharamulo, mcheshi, mwembamba, meno meupe. Tukipumzika anakuja kukaa na mimi juu ya magunia ananipigia stori za njiani. Lori lake likichelewa namtazamia. Likifika, yeye anaruka kabla halijasimama.

Hivyo hivyo mpaka siku mdogo wangu alipokuja pale getini akaita kwa sauti: dada Stazia, mama anakuita nyumbani.

Sospeter aligeuka kumtafuta huyo dada Stazia. Akaniona mimi ndiye nainuka.

Alikaa chini wakuu. Nikajua basi, rafiki nimempoteza, na kibarua kimekwisha.

Kesho yake akaja na soda mbili za baridi, sijui alizitoa wapi kwenye vumbi lile. Akaniambia, "Stazia, jana nimelala usingizi mzuri kuliko siku zote. Mimi Jumamosi nilikuwa nimepanga kwenda kuungama kwa padri."

Nilicheka mpaka soda ikanitokea puani. Kumbe mwenzangu alikuwa ananiwaza, anajiogopa, anafunga na kusali! Hapo ananifinya sasa hivi, lakini ni kweli na anajua.

Mapenzi yakanoga. Shida ikaanzia kwa madereva. Habari zikasafiri na malori mpaka Nyabusozi, mama yake akaambiwa Sospeter amepata mchumba kule Ngara, lakini mchumba mwenyewe mwanaume.

Mama yake alikuwa mjane, mkali, na neno lake pale nyumbani ndilo lilikuwa la mwisho. Akatuma ujumbe mfupi tu: aje nimwone kwa macho yangu. Nikiridhika atakuwa mwanangu, nisiporidhika asirudi tena hapa.

Sospeter alikuwa hawezi kuoa bila baraka ya mama yake. Aliniambia wazi, na mimi nilimheshimu kwa kuniambia wazi. Kwa hiyo safari ile ndiyo ilikuwa ndoa yangu yote.

Kwetu msichana haendi kuonwa peke yake. Nikasindikizwa na shangazi Koleta, dada mkubwa wa marehemu baba, mwanamke mfupi mwenye mdomo. Nikavaa gauni la maua, kilemba, hereni. Shangazi akanizunguka akanitazama mbele na nyuma, akasema nimependeza. Akafikiri kidogo, akasema basi angalau nimejitahidi.

Miaka ile barabara ya Biharamulo ilikuwa na majambazi porini, magari yanakwenda kwa msafara na askari. Halafu katikati kuna kizuizi, abiria wote mnashuka kukaguliwa. Wanaume kulia, wanawake kushoto.

Mmeshajua kinachokuja.

Nikaenda kushoto. Mama mmoja mwenye kapu akanisukuma kwa kiwiko, kaka hapa si kwako. Wengine wakaanza kelele. Yule mgambo wa kike aliyekuwa anakagua hakutaka hata kunigusa, akanifukuza.

Nikaenda kulia. Wanaume wakaanza kushangilia gauni. Askari kijana akaanza kunipapasa mabegani, mbavuni, akafika alipofika, akarudisha mikono kama ameshika sufuria ya moto. Basi lote likaangua kicheko.

Kumcheka yule kijana ndiyo lilikuwa kosa letu. Akakasirika. Akasema mimi ni mwanaume, tena mkimbizi, nimetoroka kambini nimejificha ndani ya gauni.

Nikamweleza mimi ni Mhangaza wa Keza, Mtanzania. Sasa Kihangaza na Kirundi cha wakimbizi ni ndugu wa damu, na Kiswahili chetu kina ule mwendo wetu. Kila nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kuwa mkimbizi. Hebu fikirieni wakuu, kwa dakika chache nimeshafukuzwa uanamke, nimefukuzwa uanaume, sasa nafukuzwa na nchi.

Hapo kicheko kilikuwa kimeniisha. Akaniambia nivue nguo pale pale barabarani, watu wote waone ukweli. Kuna abiria walisema avue, avue. Watu niliokuwa nimewagawia karanga zangu ndani ya basi. Hata leo nikiandika hapa kidole kinakuwa kizito.

Ndipo shangazi Koleta akapita katikati ya watu. Hakupiga kelele hata kidogo. Akasimama mbele ya yule askari, akashika fundo la kitenge chake kiunoni.

"Mwanangu, mimi ni sawa na mama aliyekuzaa," akamwambia. "Kama unataka kuona mwanamke, anza na mimi."

Na akaanza kulegeza fundo.

Kwa watu wa kwetu, mama mtu mzima akikuvulia nguo kwa hasira umekwisha. Hiyo laana haina padri wala mganga. Yule askari alifunika uso kwa mikono miwili. Mkubwa wake aliyekuwa kivulini alikuja mbio huku anaangalia pembeni, anabembeleza, mama tafadhali, mama funga, mama pandeni gari. Wale waliosema avue wote walikuwa wamegeukia msituni kama wanahesabu miti.

Kizuizi kikanyanyuliwa. Shangazi akafunga kitenge, akapanda, akakaa kiti cha mbele cha yule mama mwenye kapu. Hakuna aliyemwambia ahame.

Huko ndani nilianza kucheka na kulia kwa pamoja na sikuweza kuacha. Shangazi naye akaambukizwa. Tumefika Biharamulo mbavu zinauma.

Haya, Nyabusozi.

Sospeter alitupokea njiani, uso umemsawajika kuliko wa kwangu. Nyumbani kwao wamejaa ndugu. Mbuzi amechinjwa kwa heshima ya wageni. Wanaume wako nje uani na nyama ya mbuzi, wanawake wako ndani kwenye mkeka na ndizi na maharage.

Mama mkwe akanitazama juu mpaka chini. Nikapiga magoti, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba taratibu, macho yako kidevuni kwangu. Halafu akaagiza kigoda. Kikawekwa mlangoni.

Mlangoni kabisa wakuu, juu ya kizingiti. Mguu mmoja ndani kwa wanawake, mmoja nje kwa wanaume. Alikuwa bado hajaamua!

Na chakula kikawa tabu. Binti wa kugawa alikuja na sahani ya maharage, akasita, akarudi. Akaja na ya mbuzi, akasita, akarudi. Wote wanakula, mimi namezea mate mlangoni.

Niwaeleze wasiojua. Zamani pande zetu mwanamke alikuwa hali nyama ya mbuzi. Wazee walisema ukila mbuzi unaota ndevu kama yeye. Watoto wa kike tulitishiwa hivyo toka tunajifunza kutembea, na wanaume waliitafuna peke yao kwa amani.

Sasa mama mkwe aliponawa mikono, akakohoa, kila mtu akanyamaza. Akauliza kwa upole, mbele ya watu wote.

"Mwanangu, sikusemi vibaya. Ulipokuwa mdogo kwenu, ulikula nyama ya mbuzi?"

Nikaelewa papo hapo. Mama wa watu alikuwa amenitafutia mlango wa kutokea. Nikisema ndiyo nilikula, basi mimi ni msichana aliyeota ndevu kwa ulafi. Watanisema kidogo, yatakwisha, nitaolewa. Nikisema sijala, ndevu zangu zinabaki hazina sababu, na zile habari za madereva zinakuwa kweli.

Shangazi akanikanyaga mguu ulioko ndani. Sospeter huko uani anatikisa kichwa kwa nguvu, sema ndiyo, sema ndiyo.

Ningesema. Neno lilishafika mdomoni. Lakini niliona nitakuwa nimeolewa kama mtu aliyeharibika kwa kosa, na kila nikitazamwa kidevu maisha yangu yote nitakuwa naomba radhi. Siku ile nilishachoka kujieleza.

Nikasema, "Hapana mama, sijawahi kuonja. Nilizaliwa hivi na nitazeeka hivi. Njia nzima nimekaguliwa. Kama na wewe unataka kunikagua, nikague, lakini ukimaliza nachukua mfuko wangu narudi Keza."

Shangazi alifumba macho. Nikamwona Sospeter amesimama, ameshika kichwa.

Mama mkwe akarudia kunitazama kidevu. Alikuwa anafikiri kweli, unaona kabisa anapanga mambo kichwani. Halafu akauliza tena, pole pole, "Hata mchuzi wake?"

"Hata mchuzi, mama."

"Na ndevu zimeota."

"Zimeota."

Akamgeukia yule binti wa kugawa. "Basi mletee nyama. Kama ndevu zimekuja bila mbuzi, mbuzi atamfanya nini tena?"

Wakuu, uani kulilipuka. Wazee wa kiume wakaanza kulalamika, kwanza mila, pili ile nyama ilikuwa ya kwao. Mama mkwe hakuwasikiliza. Akanishika mkono, akaninyanyua pale kizingitini, akanikalisha ubavuni kwake mkekani. Sahani ikaja, imejaa mbavu.

Nikala. Na machozi yanashuka huku nakula. Nyama tamu vile, na tulifichwa miaka yote!

Wanawake wote wananitazama mdomo. Mama mkwe naye ananitazama. Mwisho akanyoosha mkono kwenye sahani yangu, akachukua kipande, akasema yeye ni mjane, ndevu zikitoka hazina wa kumkimbiza. Akatafuna. Akafumba macho. Akachukua kingine.

Mama mkwe akaridhika. Padri akatangaza ndoa yetu, tukafunga.

Nilichojifunza ni kimoja. Watu watakupa sababu nzuri ya kuwaomba radhi kwa jinsi ulivyoumbwa, wengine hata kwa upendo. Usiipokee. Sema ulivyo, halafu uone nani atakusogezea sahani.

Na kama uko kwenye basi na mwenzako anadhalilishwa, usigeukie msituni. Hilo la pili nalo nimeliongeza.

Kaka mnaoitwa dada, dada mnaoitwa kaka, tiririkeni hapa chini mkielezea yenu, tucheke pamoja na tulie panapostahili. Mnaotaka kutukana nanyi karibuni, shangazi Koleta bado yu hai na vitenge anavyo.

Na kabla hamjaniuliza: tulikula mbuzi na mama mkwe kila sikukuu, mpaka tulipomzika. Kidevu chake kilikuwa laini kama cha mtoto.